Moto wa Watu wa Melita

Somo: Matendo ya Mitume 28:1–10



Fungueni ramani zilizo mwishoni mwa Biblia zenu, mtazame Bahari ya Mediteranea. Kusini ya Sisilia, yapata kilometa 90, mtaona kisiwa kidogo. Hicho ndicho Melita, ambacho leo huitwa Malta. Urefu wake ni kilometa 27, na upana wake 14 hivi. Ardhi yake ni mwamba wa chokaa wenye udongo haba. Hakina mlima mrefu wala mto utiririkao mwaka mzima. Tangu kale wenyeji wake hungojea mvua za majira ya baridi.

Hata hivyo hawakuwa watu wa kudharauliwa. Zaidi ya miaka 3,000 kabla ya Kristo, wakulima wa huko walikwisha kujenga mahekalu ya mawe makubwa, kabla Misri haijajenga piramidi zake. Baadaye walikuja Wafoinike, kisha watu wa Kartago, na mwaka 218 K.K. Warumi wakakitwaa kisiwa.

Basi, yapata mwaka 60 B.K., merikebu iliyomchukua Mtakatifu Paulo kwenda Rumi ilivunjika pwani hapo. Watu 276 walifika nchi kavu wamelowa, askari na wafungwa pamoja. Hawakuwa na kitu. Hata ngano ya merikebu walikuwa wameitupa baharini. Luka anawataja wenyeji kwa neno ambalo Wayunani walimwita kila mtu asiyejua lugha yao. Lakini angalieni walivyotenda watu hao. Luka haandiki kwamba waliuliza kwanza nani mfungwa na nani huru. Waliona mvua na baridi, wakakoka moto, wakawakaribisha wote.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Paulo hakungoja siku ya tatu. Papo hapo aliokota kuni. Tena walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Babaye Publio, mkuu wa kisiwa, alikuwa kitandani, ana homa na kuhara damu. Paulo akamwombea, akamwekea mikono, akapona. Kama wangalimfukuza mfungwa yule, nani angalimwombea mzee?

Sasa tujiulize sisi. Anapoingia kanisani mtu tusiyemjua, lafudhi yake ngeni na nguo zake chakavu, jambo letu la kwanza ni lipi? Mara nyingi ni kumwuliza kabila lake, na kama ana barua ya padri wake. Barua ni utaratibu mwema, wala siipingi. Lakini mtu anayetetemeka kwa baridi hapati joto kwa maswali. Koka moto kwanza. Barua utaisoma baadaye, naye amekwisha kula.

Paulo na wenzake walikaa Melita miezi mitatu. Siku ya kuondoka, watu wa kisiwa kisicho na mto waliwapakilia mahitaji ya safari. Je, sisi tuliojaliwa mito na mashamba, tutajibu nini siku ile Bwana atakapotukumbusha kwamba alikuwa mgeni?

Mungu atupe mioyo ya watu wa Melita. Amina.