Mfumaji Aliyejitenga

Mwaka 1861 mwanamke Mwingereza Mary Ann Evans, aliyejiita George Eliot, alitoa kitabu cha hadithi kiitwacho Silas Marner. Nawatajia kwa kuwa jeraha la mtu huyo lilitoka kanisani.

Silas alikuwa mfumaji wa nguo, kijana wa sala. Fedha ya kanisa ikaibwa chumbani mwa shemasi aliyekuwa akifa, naye William, rafiki yake mpenzi, akamsingizia. Ndugu wakaomba, wakapiga kura, kura ikamwangukia Silas. Mtu ataniambia: Je, Akani hakutambulikana kwa kura? Naam; walakini Akani alikiri mwenyewe, na vitu vikaonekana hemani mwake. Silas hakukiri neno. Mchumba wake akaolewa na William, naye akahama, moyo wake umekufa. Akakaa Raveloe miaka 15 peke yake, akifuma mchana na kuhesabu dhahabu usiku. Tusimcheke. Dhahabu haikumsingizia. Nayo pia ikaibwa.

Ninyi wazee na walimu mnaoketi kuamua mashauri ya usharika, yuko kwenu aliyetengwa kwa neno lisilothibitika, wala siku hizi haonekani ibadani. Nani amekwenda kwake?

Dolly Winthrop alikwenda. Huyu ni mke wa fundi wa magurudumu, asiyejua kusoma. Jumapili moja alimletea Silas mikate midogo yenye chapa ya herufi I.H.S. Hakujua maana yake. Aliziona kanisani juu ya kitambaa cha mimbari, akaamini ni njema. Silas hakupona siku ile, ila mlango ulikuwa umekwisha kubishwa.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya mtoto mdogo, ambaye mama yake alikufa nje thelujini, akatembea akaingia kwa Silas. Aliziona nywele zake za manjano akadhani dhahabu imerudi. Akamlea, akamwita Hefsiba, jina la mama yake mwenyewe, nalo limo katika Isaya 62. Kwa ajili ya mtoto akaingia tena kanisani, ili abatizwe. Kwa ajili ya mtoto majirani wakaanza kusimama na kusema naye njiani. Dolly alimfundisha kumwosha na kumvika.

Miaka mingi baadaye, mtoto akiwa mtu mzima, Silas alirudi naye mjini kuuliza kama kweli ya ile fedha ilijulikana. Kanisa halikuwapo, mahali pake palijengwa kiwanda, wala hakuona mtu wa kumjibu. Akarudi Raveloe, akamsimulia Dolly.