Kijana Asiye na Kitambulisho: Ni Nani wa Kumlipia Chuo?

 

Ndugu zetu Waislamu, liko jambo lililotuzunguka katika miji yetu hii ya pwani, nasi twalipita kama mtu apitaye kando ya kisima kilicho wazi akasema: mimi sikutumbukia. Jambo lenyewe ni la vijana waliosoma pamoja na wana wetu, wakafaulu mitihani yao, wakawa wamefaa kuingia chuoni, kisha wakabaki barazani kwa kuwa hawana kitambulisho cha taifa. Wengine ni wana wa Wapemba waliokuja kuvua katika mwambao wa Kwale na Kilifi tangu kabla ya Uhuru. Wengine ni wana wa Wamakonde waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Babu zao wamezikwa hapa, nao wenyewe wamezaliwa hapa, wala hawaijui nchi nyingine.

Twataka kuyatazama maswali mawili. La kwanza: je, yatupasa sisi kuwalipia karo vijana hawa? La pili, nalo ni zito zaidi: je, yafaa kuwasaidia kwa njia ya uongo, kama wafanyavyo baadhi ya watu wema?

Kabla ya kuhukumu yafaa jambo lieleweke. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa kwake, na haki ya elimu ya msingi isiyo na malipo. Kwa hivyo mtoto wa asiye na uraia huweza kuingia skuli, na kwa huruma ya walimu na majirani huweza kufika kidato cha nne. Lakini cheti cha kuzaliwa si uraia. Anapotimiza miaka 18 huenda kutaka kitambulisho, na hapo huulizwa vitambulisho vya wazazi wake. Wazazi hawana. Basi siku ile ile ambayo mwenziwe aingia utu uzima kwa kupewa kadi, yeye huuingia kwa kunyimwa.

Na asiyekuwa na kadi hiyo hufungiwa milango yote kwa pamoja. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995, huwakopesha raia wa Kenya. Basari za kaunti na za maeneo ya bunge hutaka kitambulisho cha kijana au cha mzazi. Akitaka kufanya kazi ajilipie mwenyewe, hata laini ya simu na akaunti ya benki haziandikwi kwa jina lake. Kijana huyu si maskini tu. Maskini hukosa mali, na huyu amekosa hata mlango wa kupitishia mali.

Haki yataka tuseme pia yaliyofanywa. Sheria ya Uraia ya mwaka wa 2011 iliwafungulia njia wasio na uraia waliokuwa wakiishi nchini tangu tarehe 12 Disemba 1963, na vizazi vyao. Wamakonde walikwenda kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka wa 2016 kudai haki yao, wakasikizwa. Wapemba walitambuliwa mwaka wa 2023, na maelfu yao wakaingia katika daftari. Twalishukuru jambo hilo. Lakini wako waliobaki nje ya daftari, na mambo ya maandishi huenda polepole, na umri wa kusoma haungoji. Kijana akikaa miaka mitano akingojea karatasi, hata ikija huwa imemkuta ni mchukuzi bandarini mwenye mke na watoto, na kalamu amekwisha kuisahau.

Sasa tuje katika lile swali la pili, maana ndilo lenye kuchoma. Hutokea jirani mwema akasema: mimi nina kitambulisho, mtoto huyu nitamwandikisha kuwa ni mwanangu, apate mkopo, asome. Nia yake ni njema. Wala hatusemi kuwa mtu huyu ni mwovu, kwani kumwonea huruma mtoto wa mwenzio ni katika imani. Lakini twasema kuwa njia hii si njia.

Sababu ya kwanza ni nasaba. Mwenyezi Mungu katika Surat al-Ahzab ameamrisha watoto waitwe kwa baba zao wa kweli, na wasiojulikana baba zao wawe ni ndugu zetu katika dini. Aya hiyo ina kisa kinachojulikana. Zayd bin Haritha alilelewa na Mtume (S.A.W.), na watu wakimwita Zayd bin Muhammad. Ilipoteremka amri, akarudishiwa jina la baba yake, Haritha. Je, mapenzi yalipungua? La! Mtume alimfanya kuwa amiri wa jeshi katika vita vya Mu'ta, na mwanawe Usama akawa kipenzi cha nyumba ile. Tazameni, ndugu zetu, jinsi Uislamu ulivyoyatenga mambo mawili ambayo sisi twayachanganya. Kumlea mtu, kumlisha, kumsomesha na kumpandisha cheo, yote hayo yafaa, na yafaa sana. Kumbadilisha baba yake ndiko kusikofaa.

Sababu ya pili ni madhara. Mtoto akiandikwa kwa baba asiye wake, shahada yake ya chuo itatoka kwa jina lisilo lake, na mkopo utadaiwa kwa jina hilo. Baba wa karatasi akifa, watu watagombana juu ya urithi. Akitaka kumposa binti wa jirani yule, daftari la serikali litasema ni dada yake. Na ikigunduliwa siku moja kazini kwake, yote aliyoyasomea yataingia shakani, na baba yake wa kweli, mvuvi wa watu, atakuwa amekanwa bure. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ufupi wake huonekana mtu akiwa keshafika mwisho.

Atatokea mwenye ilimu atujibu: lakini Imamu al-Ghazali katika Ihyaa ameeleza kuwa uongo huruhusiwa pale ambapo lengo jema halifikiliki ila kwa uongo. Twasema: ni kweli, naye ameeleza vile vile kuwa likiwa lengo lile lafikilika kwa ukweli, basi uongo ni haramu. Sasa na tujiulize kwa insafu: je, kijana huyu hawezi kusoma ila kwa kudanganya? Kama mji wetu ungekuwa wa mafukara watupu, pengine mtu angeweza kuyaleta maneno hayo. Lakini mji wetu una maduka, una malori, una nyumba za kupangisha, una arusi za siku nne. Njia ya kweli ipo, nayo ni sisi kutoa. Basi uongo ule umeharimika kwa sababu mali iko mikononi mwetu. Na ikiwa mali iko mikononi mwetu nasi tumeizuia, kisha kijana akasukumika kusema uongo, dhambi yake tusimwachie peke yake. Sisi ndio tulioiziba njia ya haki, kisha tukakaa msikitini kumlaumu aliyepita njia ya panya.

Hapa ndipo linapojibika swali la kwanza. Katika Surat at-Tawba, aya ya 60, wametajwa watu wanane wa kupewa Zaka, na miongoni mwao ni fakiri na maskini, na msafiri aliyekatikiwa na njia. Imamu an-Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafi, amesema kuwa mtu awezaye kuchuma lakini kuchuma kutamkatia kuisoma ilimu ya sharia, yafaa apewe Zaka, kwa kuwa kuitafuta ilimu hiyo ni faradhi ya kutoshelezana. Na al-Ghazali ameuhesabu utabibu na hesabu kuwa ni katika faradhi za kutoshelezana, akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fikihi hali miji yao haina matabibu Waislamu. Tukiziunga kauli hizi mbili, twaona kuwa kijana fakiri asomaye uuguzi au uhandisi hayuko mbali na sanduku letu la Zaka. Na asiyekuwa Muislamu katika vijana hao, huyo tumsaidie kwa sadaka, kwani haki ya jirani haiulizi dini.

Wako wasemao: hawa si wetu, kwanza tuwatazame wana wetu. Twawauliza: ni mpaka gani huo? Msikiti wa al-Azhar kwa karne nyingi ulikuwa na mabaraza ya wanafunzi wa Maghribi, wa Sham, na wa nchi za Habeshi, wakila mkate wa wakfu bila ya kuulizwa ni raia wa nani. Na hapa Mombasa penyewe, katika miaka ya 1950, chuo cha MIOME, kilichosimama kwa michango ya akina Aga Khan na Sultani wa Zanzibar, kilikuwa kikiwapokea vijana Waislamu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Chuo hicho ndicho leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee wetu waliwajengea watoto wa wageni. Sisi twashindwa kuwalipia waliozaliwa mtaani kwetu?

Basi la kufanya ni hili. Kila msikiti uwe na sanduku la karo, lenye daftari lililo wazi. Tajiri mwenye bidhaa ya shilingi 1,000,000 Zaka yake ni shilingi 25,000. Matajiri ishirini wa namna hiyo ni shilingi 500,000 kwa mwaka, nazo ni mtaa mmoja tu. Fedha zilipwe moja kwa moja chuoni, kwa jina la kweli la kijana. Aonaye uzito kutoa kabisa na akopeshe mkopo mwema usio na riba. Mwenye kujua sheria amwandikie kijana maombi yake ya uraia. Mzee aliyeshuhudia kuzaliwa kwake asichoke kwenda ofisini kutoa ushahidi. Mwenye gari amchukue. Hayo yote ni msaada, na hakuna ndani yake neno moja la uongo. Na akisomeshwa kijana, asisimangwe. Saad bin ar-Rabi alipompa Abdur-Rahman bin Auf nusu ya mali yake, mhamiaji yule aliomba aonyeshwe soko tu. Vijana wetu nao hawaombi nusu ya mali ya mtu. Waomba waonyeshwe njia ya chuo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe mikono mikunjufu na ndimi za kweli, na atujaalie tuwe ni wenye kuwafungulia wengine milango kabla ya kuhitaji kufunguliwa wetu. Amin.