Kusinzia Redio Ikiimba

Jumamosi alasiri, jua la Ikutha, Ukambani, likiwa halijapoa, mzee amejinyoosha mkekani chini ya mti. Kando ya kichwa chake redio ndogo ya kadi inamwimbisha Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Mzee anakoroma. Mjukuu akiizima tu, macho yanafumbuka: "Nani amezima? Si nasikiliza!"

Watoto huangua kicheko. Mimi nasema mzee hakudanganya. Yuko msikilizaji anayefuata kila neno, kama mtu aliye kwenye baraza la chifu akingoja kusikia jina lake. Yuko pia anayesikiliza kwa kukaa tu na mwenye sauti. Mgeni akiingia nyumbani utaketi wima, utamwandalia chai, utamjibu. Ndugu yako mtakaa naye kimya hadi usingizi ukuchukue, wala hataona umemdharau. Mwimbaji kipenzi ni kama huyo ndugu. Kakai alifariki mwaka 1987, na bado watu wanajilaza mbele yake bila kumwomba radhi.

Ajabu ni kwamba benga, muziki aliopiga Kakai, si muziki wa kulalia. Ilianzia upande wa Ziwa Victoria, Wakamba wakaipokea na kuifanya yao, na gitaa lake limekusudiwa kuinua watu vitini. Utulivu basi haumo kwenye mdundo. Umo katika miaka ambayo msikilizaji ameishi na sauti ile. Ndiyo maana mzee huyohuyo, kijana akifungulia Ken wa Maria, hulalamika kwamba ni kelele, ilhali ni benga ileile ya Ukambani. Asubiri. Vijana wa leo nao watazeeka, na Ken wa Maria atawabembeleza.

Kinachonisumbua zaidi ni maneno ya nyimbo. Wimbo "Katelina" wa Kalambya Sisters, uliovuma miaka ya 1980, ni habari ya msichana anayeshika mimba mwaka baada ya mwaka. Hayo ni masaibu, lakini yameimbwa kwa sauti nyembamba, changamfu, hata mtu akajikuta anatabasamu. Je, tunapumzika juu ya mgongo wa Katelina?

Nimemtazama mama mmoja akichagua ndengu kwenye ungo wimbo huo ukipigwa. Kidole kinasukuma punje, kinatoa kijiwe, kinasukuma tena, macho hayabanduki. Ungeapa kwamba hasikii kitu. Ghafla akaguna, "Maskini Katelina," akarusha jiwe uani. Kumbe maneno yalikuwa yanaingia muda wote, tena yalimgusa. Lakini Katelina hamdai nauli ya kwenda hospitali Mutomo, wala hamletei kadi ya mchango. Jirani atakayebisha hodi jioni ileile na shida ya aina ileile atamdai vyote viwili, na hapo redio itapunguzwa sauti.