Kiti cha Ndege si Chumba

Tangu treni ya mwendokasi ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, kuna swali linalowahusu zaidi wenye gesti na waongoza wageni wa Bigwa, Morogoro. Mgeni anayetaka kupanda milima ya Uluguru Jumamosi abuku vipi chumba chake? Tumtafute mtaalamu atutengenezee mfumo wetu wenyewe, au tulipie uliokwisha kutengenezwa? Kabla hujatoa fedha, soma kisa hiki cha kweli.

Mwaka 1988, kampuni dada ya American Airlines iliungana na hoteli za Marriott na Hilton, pamoja na Budget wanaokodisha magari, ili wajenge mfumo mmoja wa kubuku ndege, chumba na gari. Wakauita CONFIRM. Hawakuwa wageni wa kazi hiyo: American Airlines ndiyo iliyokuwa na Sabre, mfumo wa tiketi ilioujenga pamoja na IBM miaka ya 1960. Lakini kiti cha ndege si chumba. Ndege ikitua, biashara ya kiti imekwisha. Mgeni wa chumba huongeza usiku mmoja, huondoka mapema, au hufika na watoto ambao hakuwataja.

Dalili za hatari zilikuwepo. Tarehe zilizoahidiwa zilipita, zikapangwa nyingine. Mshauri wa nje aliyeletwa kukagua alipotoa taarifa isiyopendeza, taarifa ilifichwa, naye akaondolewa. Kufikia 1991 karibu nusu ya wafanyakazi wa mradi walikuwa wakitafuta kazi kwingine. Washirika waliokuwa wakilipa waliambiwa kazi inakwenda vizuri. Mwaka 1992 mfumo ulipojaribiwa hotelini, ukashindwa. Julai mwaka huo ushirika ukavunjika, na dola milioni 125 zilikuwa zimetumika.

Ndugu zangu, tusiwacheke. Mimi nawe tukishampa fundi milioni mbili, tutaona uchungu kukubali kwamba hazirudi, tutaongeza ya tatu ili kuziokoa. Fundi akirudia "wiki ijayo" kila unapomuuliza, hiyo ni dalili. Akikwepa kukuonyesha hata kipande kimoja kinachofanya kazi, hiyo pia ni dalili.

Kununua nako kuna hatari yake. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta Kenya kadi ya BebaPay ya kulipia nauli za matatu; 2015 ikafungwa. Majina makubwa hayakuiokoa. Kwa hiyo muulize anayekuuzia: siku ukifunga, majina ya wageni wangu na kumbukumbu za malipo yao nitazipataje?

Anza na daftari. Kwa mwezi mzima andika nani alipiga simu, nani alituma ujumbe wa WhatsApp, nani alilipa kwa M-Pesa, nani alibadili siku. Kisha kodi mfumo ulio tayari, uujaribu kwa vyumba viwili. Jenga wako pale tu daftari litakapokuonyesha hitaji ambalo mifumo ya kukodi haiwezi, na uwe na fedha za kumlipa fundi hata baada ya kukabidhiwa kazi, maana kila mfumo huhitaji matengenezo. Na mfanyakazi wako akikuletea habari mbaya za mradi, usimkasirikie. Msikilize mpaka amalize, kisha ndipo uamue kama utatoa shilingi nyingine.