Shahidi wa Kapenguria

Wengi wenu wa Gatuanyaga mmeitazama filamu ya The Shawshank Redemption ya 1994: mtu asiye na hatia anatoboa ukuta wa gereza kwa kinyundo. Hadithi yetu ni chungu zaidi. Aprili 1953, mahakama ya Kapenguria ilimfunga Jomo Kenyatta, jirani yetu wa Gatundu, miaka saba na kazi ngumu. Shahidi Rawson Macharia alidai alimwona akilisha watu kiapo cha Mau Mau. Mwaka 1958 Macharia akaapa kwamba alidanganya, kwamba aliahidiwa masomo Uingereza. Akafungwa. Si kwa uongo wa kwanza, jamani, bali kwa kuukana! Kenyatta alikuwa bado gerezani Lokitaung, kwenye joto la Turkana, akiwapikia wafungwa wenzake.