Mlokole Mpya na Gunia la Mama

Tangu nibatizwe mwaka jana nimegundua kitu: hapa Nyarugusu mtu haokoki peke yake, anaokoka mbele ya watu. Kambi ipo tangu 1996, nyumba zimebanana, na habari yako inafika bombani kabla wewe mwenyewe hujafika na ndoo. Kesho yake tu nilipita kwenye banda la mpira, wakanyamaza wote. Mmoja akasema, "Pisheni, papa pasta anapita." Wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini iliniuma.

Kila mtu alikuwa na lake analolitegemea kwangu. Kanisani walitegemea niache kikundi cha dansi na nisikae tena na wale wa banda la mpira. Rafiki zangu walitegemea nianguke, wengine wakaweka na mwezi kabisa, eti sifiki Desemba. Kazini, maana nafanya kazi ya vijana kwenye shirika moja, walitegemea nisiwahubirie vijana. Hilo la kazini niliona ni haki. Kati ya vijana wangu kuna Waislamu, na wanakuja kwangu kwa shida zao, si kwa imani yangu.

Sasa swali ni hili: matarajio ya watu yana haki gani juu ya mtu aliyeamini juzi?

Jibu rahisi ni kwamba hayana haki yoyote. Mungu ndiye anajua moyo, waache waseme. Na mimi nilikuwa najibu hivyo, mpaka siku ya rasheni.

Kaka yetu mkubwa, yaya wetu, alirudi Fizi kuangalia mashamba ya baba. Hajarudi. Jina lake likabaki kwenye kadi. Kadi inasema watu watano, tunakula wanne. Kila mgao mama anasimama foleni, anapokea vya watu watano, na mimi nabeba gunia mpaka nyumbani.

Jumapili moja niliitwa mbele kutoa ushuhuda. Nikaeleza nilivyoacha dansi, watu wakapiga vigelegele. Jumanne yake nilibeba unga wa mtu ambaye hayupo. Njiani gunia lilikuwa zito kuliko siku zote. Yani nimepigiwa makofi kwa kuacha kitu ambacho hakikunigharimu sana, na juu ya gunia hakuna aliyeniuliza. Hapo niliona tatizo la kuishi kwa matarajio ya watu. Mara nyingi si kwamba wanadai mengi mno. Wanadai yale yanayoonekana, basi.

Nikamwambia mama. Akaweka mwiko chini, akaniangalia. "Mwanangu, huyo Mungu wako anakula mara ngapi kwa siku?" Nikakosa jibu. Akaendelea, "Na yaya wako vita ikimkimbiza tena, atafikia wapi kama jina lake limefutwa?"

Ndugu zangu wa mashirika, naomba msome hapo mara mbili. Kwetu jina kwenye kadi si unga tu, ni mlango. Mama hakuwa mwizi. Alikuwa anashikilia mlango ili mtoto wake asiukute umefungwa. Lakini kambi nzima tunakumbuka mgao ulivyopunguzwa mwaka 2023. Chakula si kisima kisicho na mwisho. Cha mtu asiyekuwepo kimetoka kwenye fungu la mtu aliyepo.

Mgao uliofuata nikakataa kubeba gunia. Nilijiona nina msimamo. Mama akalibeba kichwani mwenyewe, mdogo wangu wa kike akashika mafuta. Na jioni ugali nikala. Sasa huo ni wokovu gani? Nilikuwa nimetunza sura yangu, na mzigo nimemwachia mama.

Nikaanza kumfikiria Barnaba. Sauli alipoamini na kufika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa, walimjua kwa mabaya yake. Barnaba ndiye aliyemchukua akampeleka kwa mitume, akasimama upande wake. Lakini baadaye kule Antiokia, Petro aliacha kula pamoja na watu wa mataifa mengine kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo, na Barnaba naye akavutwa akajitenga nao. Mtu yule yule! Kwa hiyo macho ya watu si mtihani wa waumini wapya tu. Hata wakongwe yanawapata.

Lakini kwa Barnaba nilipata na tofauti niliyokuwa naitafuta. Kuna mtu anayekutegemea huku amesimama pembeni anaangalia, na kuna anayekutegemea huku ameshika upande wa pili wa mzigo. Huyu wa pili ana haki ya kunidai. Wa kwanza ana haki ya kusema tu. Na mimi kwa mama nilikuwa yule wa kwanza.

Basi nikarudi kwake kwa namna nyingine. Nikamwambia sehemu ya posho yangu itaingia jikoni kila mwezi, na kwamba tukienda ofisini tutauliza kwanza yaya akirudi itakuwaje. Alikaa kimya wiki mbili. Halafu asubuhi moja akafunga kitenge, akasema, "Twende, kabla sijabadilisha mawazo." Aliongea mwenyewe. Wakatuambia akirudi aje mapokezi kama wengine, atasikilizwa. Si ahadi kubwa, lakini ni jibu.

Gunia sasa ni jepesi. Jirani wanasema mlokole amemnyima mama yake chakula. Kanisani hakuna aliyepiga vigelegele, na sikutoa ushuhuda. Mwisho wa mwezi tunalala mapema ili njaa isituone. Kuna usiku najiuliza kama nilifanya kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya kujiona msafi, na sijapata jibu linalonitosha.

Ila mgao uliopita mama aliniita nje ya uzio. Akashika pembe moja ya gunia, mimi nyingine, tukaenda. Tulipopita banda la mpira wakaanza, "Pasta, pasta!" Mama akawajibu, "Njooni mbebe." Mmoja akaja.