Kengele na Ndovu

Nilipokuwa mafunzoni niliambiwa niandike falsafa yangu ya ualimu kwa ukurasa mmoja. Nikaandika kwamba kwangu wanafunzi wote ni sawa. Sentensi hiyo ilinipa alama nzuri, ikadumu hadi nilipopangiwa shule moja upande wa Sagalla, karibu na Voi.

Huko alikuwepo msichana aliyezoea kuchelewa. "Mwalimu, ndovu walikuwa njiani." Darasa likacheka, nami nikamsimamisha mlangoni na wachelewaji wenzake. Kengele ni moja, nilisema.

Hifadhi za Tsavo zimechukua karibu asilimia 62 ya Kaunti ya Taita Taveta, iliko Sagalla, na ndovu hajui mpaka. Wapo wakulima wa Sagalla wanaotundika mizinga ya nyuki kuzunguka shamba ili kumzuia. Mkulima alikwisha kumtia ndovu kwenye hesabu zake, mimi bado. Kengele ile kwa mtoto anayeishi jirani na shule ilipima bidii. Kwa yule msichana ilimpima ndovu.

Tangu hapo maneno tunayojivunia sisi walimu yakaanza kunikera. Nikisema "namjumuisha" mtoto, nimeshajitangaza mwenye nyumba, yeye mgeni. Nikisema nimemweka "katikati", je, watoto hamsini wataenea wote katikati? Nikarudi kwenye neno la kila siku: kujifunza. Ile "ji" inakirudisha kitendo kwa mtoto mwenyewe. Mwalimu humwoni popote ndani ya neno hilo. (Nakiri, iliniuma kidogo.)

Nilipomweleza mwenzangu katika chumba cha walimu habari ya yule msichana, akaniuliza: na anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi, yeye tumwambie nini? Swali la haki. Sikumjibu, ila nilibadili mwanzo wa kipindi. Dakika za kwanza sikufundisha jambo jipya. Wanafunzi walielezana somo la jana wawili wawili, na aliyeingia amechelewa aliketi akaelezwa, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kisagalla. Waliowahi hawakupunjwa. Wengi waligundua, katikati ya kueleza, kwamba walikuwa wamekariri tu.

Nikajiona nimefika. Kumbe palikuwa na mvulana asiyesikia vizuri, na zile kelele za wawili wawili zilimzamisha kabisa. Mtindo wa zamani, mimi nimesimama mbele nikimtazama na kusema polepole, ndio uliokuwa ukimfaa. Mlango niliomfungulia mmoja nilikuwa nimembania mwingine. Nikamhamisha pembeni na mwenzake mmoja, wakawa wanaandikiana kwenye karatasi. Inasaidia siku nyingine, siku nyingine hapana.

Asubuhi moja yule msichana alifika kabla ya kengele. Nikamtania: ndovu wamehama?

"Wapo, mwalimu. Leo nimepakiwa bodaboda."